SACCO na Vijana wa Kutulo: Pesa Zipo, Mlango Ndio Umefungwa

Kuna lalama moja ambayo sijawahi kuikosa katika mkutano wa SACCO, uwe Mombasa, Malindi au Garissa. Wazee wa kamati husema vijana wa siku hizi hawaweki akiba, wanachopata chote huishia kwenye simu na miraa. Makala haya nimeyaandika kuijibu lalama hiyo, na mfano wangu ni mji ulio mbali na bahari, kwa sababu kule jambo hili linaonekana waziwazi kuliko hapa kwetu.

Mji wenyewe ni Kutulo, ambao wengine huuandika Kotulo. Uko mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera, kwenye barabara inayotoka Wajir, ikapita Tarbaj, ikaelekea El Wak na Mandera. Ni mji wa mifugo, malori na biashara ndogo ndogo, na wakaazi wake wengi ni Waislamu wa jamii ya Kisomali. Barabara hiyo imo katika mradi mkubwa wa lami kutoka Isiolo hadi Mandera unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, na pamoja nayo unapangwa kupitishwa waya wa intaneti ya kasi. Lami na intaneti zikifika, wakopeshaji wa simu nao watamfikia kila kijana kwa urahisi zaidi. Ninalouliza mimi ni kama ushirika utakuwa umeshafika na kukaa, au utakuta vijana wameshazama madeni.

Hoja yangu ni fupi. Kijana wa Kutulo anaweka akiba tayari. SACCO inayomtaka haina haja ya kumfundisha akiba wala kumbandikia mabango. Inatakiwa ikichukue kikundi chake kama kilivyo, uaminifu wa kikundi hicho uwe ndio dhamana, na mkopo uwe hauna riba. Mengine yote ni ya kupanga.

SACCO ni kitu gani

Kwa wasioijua vyema, SACCO ni chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Wanachama huweka pesa zao pamoja, hukopeshana kutokana na pesa hizo, na faida ikipatikana hugawana. Tofauti yake na benki ni kwamba mteja ndiye mwenye chama. Sheria ya vyama vya ushirika ya Kenya inataka watu wasiopungua 10 ili chama kisajiliwe, mwanachama awe ametimiza miaka 18, na kila mwanachama ana kura moja, awe ana hisa za shilingi elfu moja au laki tano. SACCO kubwa husimamiwa na mamlaka iitwayo SASRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya SACCO ya mwaka 2008.

Wazo hili halikuanzia kwa matajiri. Ujerumani, mwaka 1864, Friedrich Wilhelm Raiffeisen alianzisha chama cha mikopo katika kijiji cha Heddesdorf kwa ajili ya wakulima waliokuwa wakinyonywa na wakopeshaji. Wakulima wale hawakuwa na hati za mali za kuwaridhisha mabenki. Walichokuwa nacho ni kujuana: kila mmoja alimjua mwenzake, nyumba yake na tabia yake. Huko kujuana ndiko kulikosimamisha chama.

Hapa Kenya SACCO zetu nyingi zilikua kwa njia nyingine. Zilizaliwa makazini, miongoni mwa walimu, polisi, wafanyakazi wa bandari na watumishi wa serikali, na makato yalitoka moja kwa moja kwenye mshahara. Imarika ya Kilifi, kwa mfano, ilianza kama chama cha walimu kabla ya kufungua mlango kwa wakulima na wafanyabiashara. Mfumo wa makato ya mshahara umesaidia mamilioni ya watu, alhamdulillahi. Lakini Kutulo kijana mwenye hati ya mshahara ni wa kutafuta kwa tochi. SACCO iliyojengwa juu ya mshahara ikifika kule hukuta haina pa kushika.

Akiba ambayo vitabu havioni

Nilikwenda Kutulo kwa mwaliko wa rafiki niliyesoma naye diploma ya ushirika. Jioni alinipeleka kibanda cha chai wanapokutana vijana wa bodaboda na wauza simu. Niliuliza, kwa lugha ya darasani, kama wana utamaduni wa kuweka akiba. Walicheka. Mmoja akafungua daftari la shule lililochakaa, lina majina na alama za vema kwa kila wiki. "Adeer, hii ni nini basi?" aliniuliza. Adeer kwa Kisomali ni ami, na ndivyo kijana anavyomwita mtu wa rika langu kwa heshima.

Daftari lile lilikuwa la hagbad, ambayo wengine huiita ayuto, neno lililotoka kwenye Kiitaliano kwa maana ya msaada. Sisi Pwani tunaiita mchezo, na ndugu zetu wa Unguja husema kibati au upatu. Watu hutoa kiasi sawa kila wiki au kila mwezi, na zamu kwa zamu mmoja wao huchukua chungu kizima. Haina riba, haina karatasi, na atakayekimbia na zamu yake hatakuwa na uso wa kuonesha mjini.

Tupige hesabu ya mfano. Vijana 12 wakitoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki, kila zamu ni shilingi 24,000. Kwa mwaka mzima kikundi hicho kimezungusha shilingi 1,248,000. Hao ndio watu ambao vitabu vya SACCO vinasema hawaweki akiba.

Hata hivyo hagbad ina upungufu wake, na hapo ndipo SACCO ina kazi. Chungu hakikui: unachotoa ndicho unachopokea. Mwenye zamu ya mwisho husubiri hata kama mkewe anajifungua leo. Na 24,000 hainunui pikipiki, wala jokofu la maziwa ya ngamia, wala mbuzi wa kutosha kupeleka mnadani. Kijana anayetaka kuruka kutoka elfu ishirini hadi laki mbili hana ngazi katikati. Akikosa ngazi hiyo, hubakia na njia tatu: kumwelemea mjomba, kukopa simuni, au kuuza alichonacho aanze safari ya hatari ya kutafuta maisha ughaibuni. Wazazi wa kule wanaijua safari hiyo kwa jina la tahriib, na wengi wamelia kwa sababu yake.

Mlango wa kwanza: riba

Nilipowaeleza wale vijana kuhusu SACCO, swali la kwanza halikuhusu kiwango cha mkopo. Lilikuwa: "Hiyo riba mtaitoa lini?" Kwa Muislamu anayefuata dini yake hili si jambo la kupima faida na hasara. Riba imekatazwa katika Qur'ani, tena kwa onyo kali katika Suratul Baqara. SACCO inayotoza asilimia 12 kwa mwaka inaweza kuwa nafuu kuliko wakopeshaji wengi nchini, na bado kijana huyu hataingia, au ataingia kwa dhamira inayomsuta.

Tazama alivyozungukwa. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani shilingi 750 kwa kila 10,000. Hustler Fund ya serikali, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, ni rahisi zaidi kwa asilimia 8 kwa mwaka, lakini nayo ni riba. Safaricom na Gulf African Bank wameleta Halal Pesa, na hiyo ni hatua nzuri, ila mkopo wa simu haumpi kijana umiliki wala kura.

Njia ya halali ipo na inajulikana. Huitwa murabaha, na kwa ufupi ni kuuziana kwa faida inayotajwa. Kijana anataka pikipiki ya shilingi 150,000. SACCO haimpi pesa. Inainunua yenyewe, inakuwa mali yake, kisha inamuuzia kijana kwa 168,000 alipe 14,000 kila mwezi kwa miezi 12. Faida ni 18,000, imetajwa siku ya kwanza, na haiongezeki hata akichelewa. Ikiwa lazima kuwe na faini ya kuwatia adabu wachelewaji kwa makusudi, pesa hizo huenda kwenye sadaka, haziingii kwenye mapato ya chama.

Kuna sharti moja ambalo wengine hulirukia: SACCO lazima imiliki kitu hicho kwanza kabla ya kukiuza. Ikimpa kijana pesa mkononi na kuandika tu neno murabaha kwenye fomu, imebadilisha jina la riba, na vijana wa kule waliosoma madrasa watagundua siku hiyo hiyo. Kwa hiyo chama kinahitaji shekhe au kamati ya sharia yenye elimu ya miamala, iwe na uwezo wa kukataa, na hukumu zake zisomwe hadharani.

Kwa upande wa akiba, mwanachama haahidiwi asilimia maalumu. Anashiriki faida na hasara kwa uwiano uliokubaliwa mwanzoni. Na kwa dharura kama ugonjwa au msiba, chama kiwe na mfuko mdogo wa qardh hasan, mkopo usio na nyongeza yoyote. Jijini Nairobi tayari zipo SACCO za Kiislamu, Crescent Takaful na Taqwa zikiwa miongoni mwao. Njia imeshapitwa, si msitu wa kufyeka upya.

Mlango wa pili: kitambulisho

Bila kitambulisho cha taifa huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huna M-Pesa, na huwezi kuandikishwa SACCO. Kwa miongo mingi kijana wa Kaskazini Mashariki alipitia kamati ya kuhojiwa kabla ya kupewa kitambulisho, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri au Kisii hakulijua. Wapo pia Wakenya ambao majina yao yaliingia katika orodha za wakimbizi miaka ya ukame, na yakawakwamisha walipofika miaka 18.

Tarehe 5 Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitia sahihi tangazo la kuondoa mahojiano hayo kwa kaunti za mpakani. Ni habari njema, lakini kijana aliyefikisha miaka 18 jana bado ana safari ya ofisi, picha na kusubiri. SACCO yenye akili haitamngojea dirishani. Itaomba siku moja na msajili pamoja na chifu, meza zao ziwekwe karibu, anayejaza fomu ya kitambulisho aondoke na maelezo ya chama mkononi. Na wakati anasubiri, aendelee kutoa zamu yake ndani ya kikundi, kumbukumbu zake zihifadhiwe, ili siku kitambulisho kikitoka asianze na sifuri.

Mlango wa tatu: mdhamini

Nimefanya kazi ya karani katika SACCO moja huku Pwani kwa miaka kadhaa. Fomu ya mkopo ilidai wadhamini watatu, wote wawe wanachama wenye akiba. Kijana mgeni atawapata wapi? Anaowajua ni rika lake, nao hawamo chamani. Nimewaona wengi wakikunja fomu, wakashukuru kwa adabu, wasirudi tena.

Daftari la hagbad ndilo ufunguo wa mlango huu. Kijana aliyelipa zamu zake wiki 52 bila kukosa ametoa ushahidi mkubwa kuliko hati ya mshahara ya mtu anayeweza kufutwa kazi kesho. Mpango wenyewe unaweza kuwa hivi:

1. Kikundi cha hagbad kinajiunga kwa pamoja, kila kijana akiwa na namba yake ya uanachama. Mchezo wao haufutwi.
2. Kila mmoja anaongeza shilingi 200 kwa wiki juu ya zamu yake, ziende SACCO kama akiba. Kwa vijana 12, hiyo ni shilingi 124,800 kwa mwaka.
3. Daftari lao la mwaka uliopita linakaguliwa na kuingizwa kwenye rekodi za chama.
4. Kwa kanuni iliyozoeleka ya kumwezesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, akiba hiyo inafungua manunuzi ya hadi shilingi 374,400 kwa kikundi kizima. Wanaanza wawili, wakilipa vizuri wanafuata wengine wawili.
5. Kikundi ndicho kinachodhamini. Hakuna wa kutoka nje.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinajazwa na watu wanaojuana kwa majina ya baba na babu.

Tarehe za kulipa nazo zifuate maisha ya mji. Anayeuza mbuzi hana kipato kila tarehe 5 ya mwezi. Ana pesa baada ya mvua za Gu na za Deyr, mnyama anaponenepa, na ana pesa zaidi kuelekea Idd ya kuchinja. Mama wa maziwa ana pesa kila siku, ila kidogo. Mtu wa bodaboda hivyo hivyo. Ratiba moja kwa wote humfanya mtu mwaminifu aonekane mdanganyifu.

Mlango wa nne: uaminifu

Vijana husoma habari. Mapema mwaka 2025 ripoti ya ukaguzi kuhusu KUSCCO, muungano wa kitaifa wa SACCO, ilieleza hasara ya takriban shilingi bilioni 13.3 za vyama vilivyoweka pesa zake pale. Baada ya hapo usimwambie kijana "tuamini" kisha ukanyamaza. Mwoneshe. Kila akiweka shilingi 200, ujumbe umfikie simuni papo hapo. Hesabu za mwaka zisomwe kwa Kisomali na Kiswahili, si kwa Kiingereza cha wakaguzi peke yake. Kama chama kiko chini ya SASRA, leseni ibandikwe mlangoni.

Kisha lipo suala la viti. Katiba ya 2010 inamhesabu kijana kuwa mwenye miaka 18 hadi 34, na sensa ya 2019 ilionesha kwamba karibu robo tatu ya Wakenya wako chini ya miaka 35. Kamati ya wazee saba wenye ndevu nyeupe, mimi nikiwa njiani kuwa mmoja wao, haiwezi kukisia wanachotaka hao. Viti viwili vya kamati viwe vya vijana, na kimoja kiwe cha msichana. Akina dada wa Kutulo ndio wenye maziwa, nguo na duka la nyumbani, na wengi wataongea kwa uhuru zaidi wakimkuta afisa mwanamke.

Na kwa kuwa Kutulo ni mji wa mpakani, ambako mipaka ya kaunti na ya koo imewahi kuleta mivutano, SACCO isikubali kuitwa ya ukoo fulani. Siku ikiitwa hivyo, nusu ya mji imeshatoka.

Ukame nao uhesabiwe

Atauliza mtu: mvua ikikosa, mbuzi wakifa, nani atalipa? Ni swali la haki. Baina ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Lakini Wajir imeshatuonesha jibu. Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza kuuza huko bima ya mifugo inayofuata sharia, ambapo picha za setilaiti hupima malisho na mfugaji hulipwa nyasi zikikauka kupita kiwango, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Machi 2014 wafugaji wa Wajir walipokea malipo. SACCO inayomuuzia kijana mifugo kwa murabaha iunganishe na takaful tangu siku ya kwanza, gharama yake ijulikane na iwe ndani ya bei. Tukio lile lina somo jingine pia: wafugaji ambao wengi waliwadhania hawataki bima walikuwa wakingoja bima ambayo dini yao inaikubali.

Na sisi wa Pwani?

Huenda msomaji wa Kisauni, Lamu au Msambweni anajiuliza Kutulo inamhusu nini. Inamhusu kwa sababu milango minne ni ile ile. Kijana wetu naye anacheza mchezo na wenzake wa baraza, naye anaogopa riba, wengi wamesumbuliwa kwa vitambulisho, na hati ya mshahara hana. Tofauti ni kwamba Kutulo hakuna ofisi kubwa ya SACCO ya kuficha ukweli huo, na huku zipo ofisi zenye vioo na viyoyozi ambazo kijana huzipita akienda kwa wakala wa M-Pesa.

Nawaomba viongozi wa SACCO za Pwani wafanye jaribio la mwaka mmoja. Chagueni vikundi vitano vya mchezo vya vijana, viwili vikiwa vya wasichana. Kagueni madaftari yao. Waiteni mashekhe wanaojua miamala waandike mkataba wa murabaha ulio wazi, kurasa mbili, kwa Kiswahili. Anzeni na vitu vidogo: cherehani, pikipiki, jokofu, nyavu. Mwisho wa mwaka linganisheni malipo yao na ya wenye mishahara, kisha matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu mbele ya wanachama wote. Mkiona yamefaa, wapelekeeni ndugu zetu wa Kutulo mkataba huo huo kabla lami haijawafikia.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo uliopangwa kwa haki, kwa kitu kinachoonekana na bei isiyobadilika, si lazima uishie matangani. Vijana wameshatimiza sehemu yao, kila wiki, kwa kalamu ya shule na daftari lililochakaa. Iliyobaki ni yetu tunaoshika funguo. Wabillahi tawfiq.